Wapenzi wa Hedifoni Wanasikiliza Nini?

Ukipita mtaani jioni utawaona vijana wengi wametia vidude masikioni, vichwa vinatikisika, miguu inapiga chini, na hata ukiwasalimu hawaitikii. Wazee husema tumepotea. Mimi sitabishana na wazee. Nataka tu kueleza kwamba miongoni mwa hao wote kuna kikundi kidogo cha watu ambao hawasikilizi wimbo pekee, bali wanasikiliza jinsi wimbo unavyosikika. Watu wa aina hiyo wako Tokyo, wako Milwaukee, wako Shenzhen, na wachache wako hapa kwetu. Mimi ni mmoja wao. Mtaani tuko watano, na tukikutana Jumamosi baada ya kufua sare na kupiga deki, mjadala wetu mkubwa huwa ni kama besi imezidi au haijazidi. Majirani hutushangaa. Vijana watano ndani ya chumba kimoja, muziki unapigwa, na hakuna sauti inayosikika nje!

Kwanza tuelewane kuhusu majina, maana hiki ni chama cha Kiswahili na mlezi wetu hatanisamehe nikiliruka jambo hili. Kuna wanaosema visikizi, wengine husema vipokea sauti vya masikioni, na nyanya yangu huviita vyote "waya za maskio". Nyanya ameshinda wote kwa ufupi, ila siku hizi vingine havina waya. Katika makala haya nitatumia majina ya dukani. Hedifoni ni ile kubwa yenye upinde unaopita juu ya kichwa, na iyafoni ni ile ndogo inayoingia ndani ya tundu la sikio.

Usione vyaelea, vimeundwa. Mmarekani mmoja wa jimbo la Utah, Nathaniel Baldwin, alikuwa akiunda hedifoni jikoni kwake, na mwaka wa 1910 jeshi la wanamaji la Marekani likaanza kuzinunua kwa ajili ya watu wake wa redio. Wakati huo hakuna aliyefikiria muziki. Ilikuwa ni kazi ya kunasa ujumbe tu. Mwaka wa 1958, huko Milwaukee, John Koss alipeleka kwenye maonyesho kinanda cha santuri cha kubebeka, na akaambatanisha hedifoni ya stirio ili watu waonje utamu wa stirio yenyewe. Watu wakapita kinanda na kung'ang'ania hedifoni. Kisha Julai 1979 kampuni ya Sony ya Japani ikatoa Walkman, na tangu siku hiyo muziki ukaanza kutembea na mtu barabarani. Waliokuwa vijana wakati huo ndio hao wazee wanaotuambia leo kwamba tumepotea, lakini tuyaache hayo.

Ndani ya hedifoni ya kawaida kuna vitu vitatu: sumaku, koili ya waya mwembamba, na utando mwepesi wa plastiki ambao koili imegandishwa nyuma yake. Mliosoma fizikia ya Kidato cha Pili mnakumbuka kwamba umeme ukipita kwenye koili, koili hugeuka sumaku. Basi umeme wa wimbo, ambao hubadilika mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, huifanya koili ivutwe na kusukumwa na ile sumaku nyingine, na utando huenda nayo mbele na nyuma. Utando unasukuma hewa, na hewa inagonga kiwambo cha sikio. Ni spika ile ile ya matatu, ila imepunguzwa hadi ikatosha kuwekwa kwenye ncha ya kidole. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo ya kuanzia 20 hadi 20,000 kwa sekunde, yaani Hertz 20 hadi 20,000, na kidude hicho kidogo kinatakiwa kuitoa yote.

Sasa nije kwa jambo ambalo ningependa ulishike hata ukiyasahau mengine yote. Leo jioni ukifika nyumbani, chukua iyafoni yenye kipira laini, uweke wimbo wenye besi, kisha uining'inize sikioni ovyo kama wengi wafanyavyo. Sikiliza kidogo. Halafu isukume taratibu kwa kidole hadi kipira kizibe tundu la sikio barabara. Umesikia? Besi imejitokeza ghafla, kana kwamba mpiga gitaa zito alikuwa amesimama nje ya mlango na sasa ameingia ndani. Hujagusa kitufe cha sauti hata kidogo.

Sababu yake ni hii. Utando wa iyafoni ni mdogo sana na hauwezi kusukuma hewa nyingi. Ili sauti nzito isikike, inabidi hewa iliyo kati ya utando na kiwambo cha sikio iwe imefungiwa, ipate kubanwa na kuachiliwa. Pakiwa na upenyo, hewa inatorokea hapo na besi inatoroka nayo, ilhali sauti nyembamba zinaendelea kufika kama kawaida. Ni kama kujaribu kujaza puto lenye tundu. Ndiyo maana mtu hununua iyafoni, anaivaa, anasema "hii ni fake, haina besi", na kumpa mdogo wake, na mdogo wake akiivaa inalia vizuri ajabu. Wote wawili wanasema kweli. Ni masikio yao ndiyo hayalingani.

Iyafoni nyingi huuzwa na vipira vya saizi tatu: kidogo, cha kati na kikubwa. Cha kati huwa tayari kimevishwa, na vile vingine viko kwenye kijimfuko ambacho watu wengi hutupa pamoja na boksi. Jamani, msitupe! Mimi sikio langu la kushoto linataka cha kati na la kulia linataka kikubwa. Hata mtu mmoja masikio yake si lazima yalingane. Wapenzi wa hedifoni duniani kote hubadilisha vipira kama mafundi wanavyobadilisha spana, vya mpira, vya sponji, virefu, vifupi, na pengine mtu hutumia wiki nzima kutafuta kipira tu. Mwanzoni nilidhani ni wazimu. Sidhani hivyo tena, kwa sababu kipira hugharimu pesa kidogo kuliko kitu kingine chochote katika shughuli hii na ndicho kinacholeta mabadiliko makubwa zaidi.

Wewe utasema, si niongeze tu sauti nipate besi? Hapo ndipo penye hatari. Ukiongeza sauti, huongezi besi peke yake. Unaongeza kila kitu pamoja na zile sauti nyembamba ambazo zilikuwa zimetosha tangu mwanzo. Isitoshe, ule upenyo uliotoa besi nje ndio unaoingiza kelele ya nje ndani. Sasa uko kwenye matatu, injini inanguruma, dereva naye ameweka muziki wake, na wewe unashindana na vyote kwa kidude cha shilingi 200. Utashinda, ndiyo, lakini utashinda kwa kupiga sikio lako mwenyewe. Kwa maneno mengine, tatizo la kipira linatatuliwa kwa kuharibu sikio.

Zipo hedifoni za kuzima kelele. Mhandisi Amar Bose alianza kuiwazia njia hiyo mwaka wa 1978 akiwa ndani ya ndege, pale alipovaa hedifoni na kelele ya injini ikammezea muziki. Kipaza sauti kidogo kwenye hedifoni husikiliza kelele ya nje, kisha hedifoni inatoa wimbi lililo kinyume cha kelele hiyo, na mawimbi hayo mawili yanauana. Hufanya kazi vyema kwa mngurumo usiobadilika kama wa injini. Kwa honi na makelele ya makanga haina nguvu sana, kwa kuwa sauti za ghafla na nyembamba ni ngumu kuzikamata.

Na nikimtaja makanga, hebu niseme habari za kaka yangu, kwani amenipa ruhusa. Kaka yangu amefanya kazi ya makanga kwa miaka sita, kwenye yale magari yenye spika chini ya viti. Usiku akirudi alikuwa akilala na iyafoni masikioni, muziki unalia mpaka asubuhi. Mwaka jana alianza kusema kwamba sikio linamlilia "nziii" kama mbu, hasa nyumba ikinyamaza. Mama akamsukuma hadi kliniki. Huko akaingizwa kwenye chumba kidogo kisichopitisha sauti, akavishwa hedifoni (tena hedifoni!), akaambiwa abonyeze kitufe kila asikiapo mlio, hata ukiwa mdogo namna gani. Mchoro ulipotoka, mstari ulikwenda vizuri kwenye sauti nzito, halafu karibu na Hertz 4,000 ukatumbukia bondeni, kisha ukapanda tena kidogo. Aliyempima alimwambia kwamba bonde la mahali hapo ni alama ya kelele. Uzee una mchoro wake mwingine.

Ndani ya sikio, kwenye sehemu iliyojiviringa kama konokono, kuna chembe zenye vinywele vidogo, kama 15,000 hivi kwa kila sikio. Hizo ndizo zinazogeuza mtetemo kuwa ujumbe wa kwenda kwenye ubongo. Kelele kali ikizilaza mara moja zinaweza kuinuka, na ndiyo sababu baada ya disko sikio hulia kisha likapona. Zikilazwa kila siku hufa, na kwa binadamu haziotí tena. Cha ajabu ni kwamba kwa ndege huota upya. Kuku wa nyanya yangu ana bahati kuliko kaka yangu.

Watu hudhani kuharibika kwa sikio ni kutosikia kabisa. La hasha. Kaka anasikia kwamba unaongea, lakini haelewi umesema nini, kwa sababu sauti za herufi kama s, f na sh ziko kule kule juu kwenye masafa yaliyomlegea. Husema sisi siku hizi tunaongea tukitafuna maneno. Jumamosi moja aliketi nasi, tukamwekea benga ya zamani aipendayo, hedifoni ikazunguka, kila mmoja akataja alichosikia. Gitaa la kwanza, gitaa la pili, besi, kayamba. Kaka akauliza, "Kayamba gani?" Tukamrudishia mwanzo. Akafumba macho, akasikiliza hadi mwisho, akatoa hedifoni, akasema hakuna kayamba kwenye wimbo huo. Hakuna aliyembishia.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka wa 2015 kwamba vijana bilioni 1.1 wa umri wa miaka 12 hadi 35 wamo katika hatari ya kupoteza kusikia kwa sababu ya usikilizaji wa aina hii. Hesabu inayotumika ni rahisi na kila mtu anaweza kuishika. Sauti ya desibeli 80 unaweza kuisikiliza kwa saa 40 kwa wiki. Kila unapoongeza desibeli 3, muda unakatwa nusu: desibeli 83 ni saa 20, desibeli 86 ni saa 10, desibeli 89 ni saa 5, na desibeli 92 ni saa mbili unusu tu kwa wiki nzima. Mtu anayesafiri saa moja asubuhi na saa moja jioni, siku tano, tayari ana saa 10. Kwa watoto inashauriwa desibeli 75. Kwa kuwa simu nyingi hazionyeshi desibeli, shirika hilo hushauri usipite asilimia 60 ya sauti yote ya simu. Nami naongeza kipimo cha nyumbani: mwenzako akiweza kuusikia wimbo wako kutoka upande wa pili wa meza, umepitisha.

Sasa tuingie kwenye raha yenyewe. Kila Jumamosi tunafanya mtihani wa upofu. Mmoja anafungwa macho kwa leso ya mama, mwingine anambadilishia hedifoni bila kusema neno, na aliyefungwa anataja ipi inamridhisha. Lakini kabla ya kuanza, ni lazima sauti za hedifoni zote zilinganishwe, nasi tunatumia mlio mmoja wa Hertz 1,000 kutoka kwenye simu. Hatua hii haina mjadala. Mwaka wa 1933 watafiti wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha kwamba sikio huwa zito kusikia besi sauti ikiwa ndogo, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo besi inavyojaa. Basi ukipewa vitu viwili vinavyofanana kabisa, kimoja kikiwa juu kidogo tu, utaapa kwamba kile cha juu ndicho bora. Wauzaji wanalijua hilo kuliko sisi.

Siku moja mmoja wetu alikuja na hedifoni ya mjomba wake, ya blututhi, iliyonunuliwa kwa shilingi 9,000, ndani ya mfuko wake mgumu wenye zipu. Tukaipambanisha na iyafoni ya waya ya shilingi 700 kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, ambayo imetengenezwa Uchina na haina hata mfuko. Leso ikafungwa, zamu zikapita. Watatu kati ya watano walichagua ile ya shilingi 700. Mjomba mtu hajaambiwa mpaka leo, na ninaomba asilione gazeti hili.

Si sisi tu. Mwaka wa 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha matokeo ya vipimo vya hedifoni na iyafoni 283, akalinganisha namna zinavyotoa masafa mbalimbali na bei zake, asipate uhusiano kati ya hayo mawili. Usinielewe vibaya. Bei hununua vitu vingine: upinde usiovunjika, sponji isiyochoma masikio, waya wa kubadilishwa, betri ya kudumu. Wapo pia wanaonunua kwa sababu kitu ni kizuri kukitazama, na hilo si dhambi. Kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilipotangaza hedifoni yake ya HE 1 mwaka wa 2015, bei ilikuwa kama yuro 50,000, na amplifaya yake imekalia jiwe la marumaru kutoka Carrara, Italia. Ukiniuliza, nitasema natamani kuisikia walau wimbo mmoja. Kuinunua ni hadithi nyingine, maana pesa hizo kwetu ni ploti na nyumba juu yake.

Wapenzi wa hedifoni pia hugombana, na ugomvi wao mwingine hauishi. Kuna wanaoamini kwamba hedifoni mpya lazima ipigwe saa 100 mfululizo ndipo "ifunguke". Wengine husema waya wa fedha hutoa sauti angavu kuliko waya wa shaba. Sisi tulipoyajaribu hayo kwa leso, hakuna aliyetofautisha. Nadhani kinachofunguka ni sikio la mwenyewe, linazoea. Lakini mwenzetu mmoja bado anashikilia la saa 100, na hulaza hedifoni yake ikilia chini ya mto kila anapopata mpya. Tumemwacha.

Kuhusu kugawana kifaa, hapa fizikia ya Kidato cha Tatu imetufaa kuliko mahali pengine popote. Tuna simu moja yenye tundu la milimita 3.5, na tuna splita, yaani ile pini moja inayotoa matundu mawili. Mwanzoni tulishangaa kwa nini wawili wakichomeka, mmoja hulalamika kwamba haisikiki na mwingine anashika masikio. Jibu ni sheria ya Ohm. Splita huunganisha hedifoni mbili sambamba, kwa hiyo zote hupata volti sawa. Ikiwa yangu ina ukinzani wa ohm 32 na yako ohm 16, ya kwako inavuta mkondo mara mbili ya yangu, na kwa kawaida ndiyo itakayolia zaidi. Dawa ni kutafuta mbili zenye ohm sawa. Mbili za ohm 32 zikiunganishwa sambamba, simu inaona ohm 16 tu, na simu nyingi zinaweza kuubeba mzigo huo. Zipo hedifoni zenye ohm nyingi zaidi. DT 880 ya Beyerdynamic imeuzwa ikiwa na ohm 32, 250 na hata 600. Ile ya 600 ukiichomeka kwenye simu italia kama mtu anayenong'ona msibani, maana imeundwa kusukumwa na amplifaya. Waulize wenye simu za tangu 2016 ambazo hazina tundu kabisa. Wao splita hawaijui.

Halafu kuna lugha. Watu wanaosikiliza hivi hukosa maneno haraka sana, kwa sababu "tamu" na "mbaya" hayatoshi. Sisi tumejiundia yetu. Sauti ya mkebe ni ile iliyokosa besi na kupiga kelele katikati. Sauti ya mtungi ni ile inayovuma, besi imefunika maneno ya mwimbaji. Sauti ya blanketi haina s wala kayamba, kila kitu kimefunikwa. Sauti ya sindano ni ile ambayo kila mwimbaji akitamka s, unafumba jicho. Na kuna sauti ya uwanja, ambayo hufanya ala zisikike kama zimesimama mbalimbali, moja hapa, nyingine kule. Hii ya mwisho hupatikana zaidi kwenye hedifoni zilizo wazi nyuma, mtindo ulioenea baada ya Sennheiser kutoa HD 414 mwaka wa 1968, ile yenye sponji za manjano. Ni tamu kupita kiasi, lakini haizuii kelele hata chembe, na jirani yako anasikia wimbo wote. Ni ya chumbani, na chumba kiwe kimya.

Kila mmoja wetu ana nyimbo zake za kupimia. Mmoja huleta kwaya ya kanisani kwao, kwa sababu sauti nne zikiimba pamoja hedifoni mbaya huzichanganya zikawa uji. Mwingine ana taarabu ya Zein l'Abdin, mpiga udi aliyezaliwa Lamu, na husema hedifoni nzuri ni ile inayokusikizisha plektra ikigusa uzi kabla ya noti yenyewe kutoka. Mimi hutumia benga ya Shirati Jazz ya D. O. Misiani. Besi ya benga haikai chini ikasubiri. Inakimbia pamoja na magitaa, inauliza na kujibu, na kwenye sauti ya mtungi huwezi kuifuata kabisa. Nilikuwa nimeisikia benga maisha yangu yote kwenye redio ya jikoni nikidhani nimeisikia. Siku nilipoiweka kwenye iyafoni iliyoziba sawasawa, nikagundua kwamba magitaa ni mawili. Miaka yote nilijua ni moja!

Ila tahadhari: kifaa kizuri hufichua wimbo mbovu. Nyimbo zinazonakiliwa kutoka memori kadi moja hadi nyingine mara nyingi zimebanwa sana ili zitoshee nyingi. Kwenye kidude cha barabarani hutambui, lakini kwenye hedifoni safi utasikia matoazi yanatoa "shwshw" kama maji yanayomwagika. Kabla ya kuilaumu hedifoni, jaribu wimbo mwingine.

Mwisho ni matengenezo. Iyafoni nyingi zinazotupwa hazijafa. Waya ndio umekatika, na karibu kila mara hukatika pale unapoingia kwenye pini, kwa sababu ya kukunjwa mfukoni. Fundi wa redio mtaani kwetu alitufundisha kazi hiyo kwa sharti la kumfagilia kibanda. Unakata waya juu ya sehemu mbovu, unanunua pini mpya, na ndani ya waya unakuta nyuzi za rangi. Nyekundu kwa kawaida ni ya kulia, kijani au buluu ni ya kushoto, na ile ya rangi ya shaba ni ya kurudisha umeme. Rangi hizo ni vanishi, nayo haipitishi umeme, kwa hiyo usipoichoma au kuikwangua kwanza, lehemu haitashika na utadhani pini ni mbovu. Kwenye pini, ncha ni ya kushoto, pete inayofuata ni ya kulia, na shina ni la kurudisha. Ukikosea, mpiga gitaa wa kushoto atahamia kulia, na si lazima ugundue.

Simu shuleni haziruhusiwi na simshawishi mtu yeyote kuzificha kwenye mkoba. Sisi hukutana Jumamosi saa nane, na anayetaka kuja aniulize Kidato cha Tatu wakati wa chai. Si lazima uwe na hedifoni, tunazo. Lakini njoo na vipira vyako mwenyewe, na uwe umevikosha kwa maji na sabuni na kuvikausha, kwani tulishawahi kumkaribisha mgeni aliyetuachia ukoo mzima wa nta.